Simu, kalamu, moduli au piezo: uchukue kipi kupimia vaibresheni na kishindo

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya kifaa WhatsApp, "kaka hiki kinapima vaibresheni vizuri?", na mimi namrudishia swali lilelile, vaibresheni ya nini? Maana pampu ya maji kwenye beismenti ya ghorofa Upanga, jenereta linalounguruma nyuma ya duka Kariakoo, na boksi la vioo lililodondoka toka kwenye Fuso pale Buguruni, vyote vinatikisika ila havitikisiki sawa, na kifaa kinachokupa jibu safi kwenye kimoja kinaweza kukudanganya mchana kweupe kwenye kingine. Mimi ni fundi wa mota na pampu, karakana yetu iko upande wa Chang'ombe, hivi vitu vinne nimevitumia vyote, viwili nimenunua kwa hela yangu, kimoja huwa naazima, na kile cha kwanza unacho mkononi sasa hivi unaposoma.

Tunavipima kwa vigezo gani

Nitatumia vigezo vitano, vilevile kwa kila kifaa, nimevipa majina yangu ya kienyeji ili nisichoke kuandika.

Sikio. Yaani kinasikia frikwensi mpaka wapi. Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Umeme wetu ni 50 Hz, mota ya poli nne (poli ni ncha za sumaku ndani ya mota) inazunguka kama 1,450 kwa dakika, gawa kwa 60 unapata 24 Hz na ushee, ya poli mbili inaenda 2,900 hivi ambayo ni 48 Hz. Hizo ni chini, karibu kila kifaa kinazifikia. Shughuli iko kwenye beringi. Chukua beringi namba 6205 yenye gololi tisa, kidonda kwenye ringi ya nje kinagongwa kama mara 3.58 kila shafti ikizunguka, kwa mota ya 1,450 hiyo ni 87 Hz hivi, utasema mbona bado chini, sawa, ila kila pigo moja linaliza chuma kama kengele na mlio wa hiyo kengele uko huko juu kwenye maelfu ya Hz, na beringi ikiwa ndo kwanza inaanza kuumwa ni huko juu unapoisikia, ikishaanza kuonekana huku chini ujue umebaki na muda mchache.

Kishindo. Kinavumilia g ngapi (g moja ni mchapuko wa mvutano wa dunia) kabla hakijagonga dari, na kinachukua sampuli haraka kiasi gani. Kifaa kinachosoma mara 100 kwa sekunde kinafumba macho milisekunde 10 kati ya sampuli na sampuli. Boksi likitua kwenye zege mgongano mzima unaweza kuwa milisekunde 5. Yaani umeshaisha jamaa bado kafumba macho.

Kushika. Kinakaaje juu ya mashine. Watu wanadharau sana hiki ila mimi ningeambiwa nichague kigezo kimoja tu ningechagua hiki, kwasababu sensa ya bei mbaya uliyoishikilia na mkono unaotetemeka inapima mkono wako.

Hesabu. Nani anageuza yale matetemeko kuwa jibu, kifaa au wewe. Hapa kuna mambo mawili yanawachanganya wengi. La kwanza, g (mchapuko) na mm/s (kasi ya mtikisiko) sio kitu kimoja na huwezi kulinganisha bila kujua frikwensi. 1 g kwenye 25 Hz ni kama 62 mm/s, hapo mashine inataka kuhama nyumba, lakini 1 g hiyohiyo kwenye 1,000 Hz ni kama 1.6 mm/s tu, hata mkono hushtuki. La pili, lazima usampo zaidi ya mara mbili ya frikwensi ya juu kabisa iliyopo, na vifaa vingi vya uchambuzi vinaenda mara 2.56 ili kuacha nafasi ya kichujio. Usipofanya hivyo frikwensi ya juu inarudi chini imevaa sura ya mtu mwingine, nitakusimulia ilivyonikuta.

Mfuko. Bei, na kitakaa vipi na joto na chumvi ya hapa kwetu, maana aliye Kigamboni au Msasani anajua bati lake linavyokwenda.

Simu janja

Sikio: fupi. Kuanzia Android 12 programu ya kawaida imewekewa ukomo wa sampuli 200 kwa sekunde mpaka iombe ruhusa maalum, kwahiyo hesabu yake inakomea 100 Hz, na simu nyingine zinatoa 100 tu ambayo ni sawa na kusikia mpaka 50 Hz.

Sasa kisa. Kuna ghorofa moja tuliitwa, pampu ya poli mbili inapiga kelele, sina kitu siku hiyo, nikavua kava nikaibandika simu juu ya mota na gundi tepu ya pande mbili, programu ikachora kilele kidogo 48 Hz, hiyo ni mzunguko wa shafti, safi, na kilele kikubwa 3.3 Hz. Nikaruka na kusema msingi umelegea, kitu cha taratibu hivi lazima ni msingi. Tukakaza bolti zote nne jasho linatutoka beismenti haina hata feni, tukawasha, 3.3 iko palepale. Baada ya siku mbili nikarudi na sensa inayosampo haraka, hakuna 3.3 yoyote, kuna 96.7 Hz kubwa kama mnazi. Simu ilikuwa inasampo mara 100, 96.7 haikuiweza, 100 toa 96.7 ni 3.3, ikarudi chini imejificha huko. Na 96.7 ni mara mbili ya mzunguko wa shafti, ambayo mara nyingi ni kaplingi, kile kiungo cha shafti ya mota na ya pampu, haijakaa mstari mmoja. Rula ya chuma na fila geji, kaplingi kweli imepinda, tukaweka shimu, vile vipande vyembamba vya chuma chini ya miguu, kelele kwisha. Bolti zangu nne hazikuwa na kosa lolote.

Kishindo: achana nacho. Sensa za simu nyingi zinaishia g chache tu na hiyo kasi ya kusampo tumeshaiona.

Kushika: simu ni nzito na laini kuliko unavyodhani. Kava litoke. Na usiiache juu ya jenereta nusu saa, Apple wenyewe mwaka 2021 waliandika kwamba mtetemo mkali wa muda mrefu, kama wa pikipiki zenye injini kubwa, unaweza kudhoofisha mfumo wa kamera kwenye baadhi ya simu zao, kwahiyo wewe uliyefunga simu kwenye usukani wa boda ukiongoza ramani ujue.

Hesabu: hapa simu inajitahidi kweli. phyphox ya chuo cha RWTH Aachen Ujerumani ni bure, inakupa mchapuko na spektra, yaani grafu ya frikwensi, bila kuandika mstari wa kodi ya programu.

Mfuko: sifuri. Inamfaa mwanafunzi, mtu wa feni na mashine ya kufulia, na yeyote anayetaka kujua tu "jana na leo kuna tofauti?" kwa mashine za taratibu.

Mita ya kalamu

Hii ni ile unashika kama kalamu nene, ncha ya chuma mbele, unabonyeza kwenye mashine inakupa namba moja kwa mm/s. Wengine wanaidharau eti ya kizamani. Mimi ndo ninayotoka nayo kila siku.

Sikio: za kawaida zinasikia 10 mpaka 1,000 Hz, na sio bahati mbaya, hiyo ndo bendi inayotumika kwenye viwango vya mashine. Kuna jedwali lilianzia ISO 2372 likaendelea kwenye ISO 10816-1, mashine ndogo mpaka kilowati 15 ikiwa chini ya 0.71 mm/s ni nzuri, mpaka 1.8 inakubalika, mpaka 4.5 unaivumilia huku unatafuta siku ya kuisimamisha, zaidi ya hapo inajiumiza yenyewe. Ile pampu ya kisa changu ilisoma 6.1. Siku hizi mfululizo mpya ni ISO 20816, ukipata kazi ya kuandika ripoti rasmi ulizia huo, ila kwa fundi wa mtaani hilo jedwali la zamani bado linakupa mwanga. Chini ya 10 Hz kalamu haisikii, kwahiyo mashine inayozunguka chini ya 600 kwa dakika uwe makini nayo. Nyingine zina modi ya beringi inayosoma frikwensi za juu, ukiiona ina hiyo ongeza hela kidogo chukua.

Kishindo: haikutengenezwa kwa hilo. Inakupa RMS, ambayo ni wastani wa namna yake, na kishindo kimoja ndani ya wastani kinayeyuka.

Kushika: mkono. Hapo ndo udhaifu wake ulipo. Tuna mzee mmoja karakana, siku ya kwanza nimeshika kalamu ananiangalia, "mwanangu, hupigilii msumari hapo." Nikalegeza, namba ikashuka. Nikalegeza zaidi, "sasa unaibembeleza." Mwishowe akachukua rangi nyeupe akaweka nukta tatu kwenye nyumba ya beringi, ya mlalo, ya wima na ya upande wa shafti, akasema pima hapohapo kila mara, mkono uleule, nguvu ileile. Zile nukta mpaka leo zipo kwenye mota zote tunazozihudumia na ndo zimefanya daftari letu liwe na maana.

Hesabu: imefanya yenyewe, namba moja. Uzuri na ubaya wake ni huohuo, inakwambia mashine inaumwa, haikwambii inaumwa nini.

Mfuko: ni bei ya simu ya kawaida kwa zile rahisi, za majina makubwa zinapanda sana. Haina cha kuogopa Dar, nyingi ni betri ndogo tu. Inamfaa anayezungukia mashine nyingi kila wiki, hoteli, viwanda vya maji, mafundi wa majengo.

Moduli na ESP32

Hii ndo vijana wa vyuo wananiulizia zaidi, na wana haki, kwa hela ya chakula cha siku chache unapata sensa ya MEMS, kichipu chenye kimuundo cha silikoni ndani kinachopepesuka, unaiunga na ESP32, kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu.

Sikio: inategemea umenunua ipi, na hapa watu wanapigwa sana. MPU6050 kila duka la elektroniki wanayo ila mchapuko wake unatoka mara 1,000 kwa sekunde na kichujio chake cha ndani kinakata kwenye 260 Hz. ADXL345 inaenda mpaka sampuli 3,200 kwa sekunde, kwahiyo unafika karibu 1,600 Hz, ila kwa waya za SPI, ukiiunga kwa I2C ya kawaida (SPI na I2C ni njia mbili za kuunganisha sensa na kompyuta) inayopendekezwa ni 800 basi. Mtu ananunua, anaiunga I2C kwasababu video zote zinaonyesha I2C, halafu analalamika haoni beringi. Ukitaka kwenda juu zaidi kuna ADXL1002, hiyo inafika 11 kHz kwa plus na minus 50 g, inatoa analogi kwahiyo utahitaji kigeuzi kizuri cha kidijitali.

Kishindo: ADXL345 inagonga dari kwenye 16 g. Kwa mzigo unaorushwarushwa hiyo ni ndogo, chukua ADXL375 inayofika 200 g. Ukiona grafu ina kichwa kilichokatwa bapa kama meza usiandike "16 g" kwenye ripoti, andika zaidi ya 16, hujui ni ngapi.

Kushika: kibao chenye pini kilichochomekwa kwenye bredibodi kinacheza chenyewe, unapima bredibodi. Kibandike flati kwa supagluu au epoksi kwenye kipande cha alumini halafu alumini ndo ifungwe bolti kwenye mashine, na waya zifunge kwa tepu karibu na sensa zisiwe zinapigapiga. Na kitu kimoja kizuri cha MEMS, inahisi mvutano wa dunia, kwahiyo unaikagua bila maabara: ilaze mezani usome, igeuze kichwa chini usome tena, tofauti ya namba hizo mbili iwe 2 g. Ikileta 1.7 kuna tatizo kwenye kodi yako au kwenye kichipu.

Hesabu: yote juu yako, na hapa ndo utalia au utajifunza. Arduino Uno, kibao kingine cha aina hiyo, ina RAM ya kilobaiti 2, sampuli 1,024 za baiti mbili mbili zinaijaza yote hakibaki kitu, ndo maana nasema ESP32. Usiprinti kila sampuli kwenye siriali, kwa 115,200 unapitisha kama baiti 11,500 kwa sekunde, wakati eksisi tatu mara 3,200 zikiandikwa kama maandishi zinahitaji mara nyingi ya hapo, kwahiyo sampuli zinapotea katikati na FFT yako, ile hesabu inayogeuza rekodi kuwa spektra, inachora uongo wenye vilele vizuri. Jaza kwanza kwenye kumbukumbu, ukimaliza ndo utume. Kwa mota inayozunguka mfululizo weka dirisha la Hann kabla ya FFT, kisha chukua wastani wa vipande kadhaa, grafu inatulia. Kwa kishindo usiweke Hann kabisa, hilo dirisha linafifisha mwanzo na mwisho wa rekodi na kishindo chako kinaweza kuwa hapohapo mwanzoni, utakiua mwenyewe. Kishindo kiangalie kwenye muda, urefu wake na kilele chake, na weka kumbukumbu ianze kabla kidogo ya kutokea.

Mfuko: rahisi sana ukihesabu vifaa, ghali ukihesabu usiku wako. Chumvi inakula pini, paka vanishi ya saketi. Inamfaa mwanafunzi wa projekti, mwenye mashine moja anayotaka kuifuatilia saa 24, na mtu anayependa kuelewa.

Piezo na analaiza

Tabia ya kristali kutoa umeme ukiibana ndugu wawili akina Curie waliionyesha mwaka 1880 huko Ufaransa, na mpaka leo ndo sensa wataalamu wa vaibresheni wanayoiamini.

Sikio: refu. Ya kawaida ya viwandani ni 100 mV kwa g, inasikia toka chini ya 1 Hz au Hz chache mpaka 10 kHz hivi. Ule mlio wa kengele wa beringi niliousema mwanzo unausikia hapa, unachuja mlio wa juu peke yake, unachukua bahasha yake, yaani jinsi ukubwa wake unavyopanda na kushuka, halafu bahasha ndo unaipigia FFT, na 87 Hz ya ile 6205 inajitokeza wakati mkono na sikio lako bado havijahisi lolote. Isichosikia ni kitu kilichotulia, haihisi mvutano wa dunia kama MEMS, kwahiyo kupima mwegemeo wa nguzo haikufai.

Kishindo: kuna matoleo ya kila ukubwa, ya 100 mV inaishia kama 50 g, ya 10 mV inafika kama 500. Ila chuma kikigonga chuma kwa ukali sifuri yake inaweza kuhama, rekodi inaisha mstari haujarudi ulipoanza, ukiona hivyo tupa rekodi hiyo.

Kushika: una uhuru wote, na kila njia ina ukomo wake. Ncha ya mkono ikivuka 1,000 Hz siiamini, sumaku inakupeleka kama 2,000 au zaidi kidogo kama sehemu ni flati na haina rangi, bolti ndo inakufikisha kule juu. Sumaku iviringishe taratibu, ukiiachia ikajibamiza "ta!" umeipiga kishindo cha bure na inabidi usubiri itulie.

Hesabu: analaiza inafanya karibu yote, lakini inataka mtu anayejua kuiuliza. Sensa nyingi za aina hii zinahitaji mkondo usiobadilika wa miliampia chache kwenye waya uleule wa ishara, ukichomeka kwenye kadi ya sauti ya laptopu bila huo mkondo hupati kitu. Na ukigeuza g kuwa mm/s utaona mlima upande wa kushoto wa grafu, karibu na sifuri, mara nyingi huo ni uchafu wa hesabu.

Mfuko: hapa ni mamilioni, na bado kuna kuipeleka kalibresheni. Kuna kikalibreta cha mkononi kinachotetemeka 159.2 Hz kwa 10 m/s², frikwensi hiyo imechaguliwa makusudi ili mwendo nao usome 10 mm/s, napenda sana hiyo akili. Inamfaa kiwanda ambacho mashine moja ikisimama hasara ya siku inazidi bei ya kifaa, au mtu anayefanya uchambuzi kama biashara.

Sasa wewe uko upande gani

Kama una mashine kama thelathini na hujawahi kupima hata moja, anza na kalamu, rangi nyeupe na daftari, miezi mitatu utajua zipi zinapanda. Hizo chache ndo umwite mwenye piezo aje siku moja, kukodi mtu ni nafuu kuliko kununua analaiza ya kukaa kabatini.

Kama una mashine moja tu ila ndo roho ya biashara yako, na kuna kijana anayejua kuandika programu nyumbani, moduli iliyofungwa moja kwa moja itakuonea mabadiliko usiku ukiwa umelala, ADXL345 kwa ya taratibu, hiyo 1002 kama wasiwasi wako ni beringi.

Unasafirisha vitu vinavyovunjika kutoka bandarini kwenda mikoani na unataka kujua nani alikiangusha na saa ngapi, hapo sio kalamu wala simu. Moduli ya 200 g na saa na kadi ya kumbukumbu, au loja ya kishindo, kifaa cha kurekodi vishindo njiani, iliyotengenezwa tayari kama mzigo ni transfoma na kuna bima, maana bima hawatakubali kitu ulichobandika kwa supagluu hata kikiwa kinasema kweli.

Jirani anachimba nguzo za ghorofa na ukuta wako umeanza nyufa, hapa hata piezo ya kawaida siishauri ya kwanza, tafuta wenye jiofoni, koili na sumaku inayopima mwendo wa ardhi kwa mm/s moja kwa moja, ya 4.5 Hz zipo nyingi. Simu piga picha za nyufa zenye tarehe.

Na kama ni feni ya dari sebuleni, kaka, hiyo zima, panda stuli, kaza skrubu za mapanga.